Bastola ya kwanza ya kulengea shabaha: nunua ile itakayokuonyesha makosa yako

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Nimemaliza mafunzo ya awali ya kulenga shabaha, na mpaka sasa natumia bastola za kuazima uwanjani. Nataka yangu. Si ya kujilinda. Nataka kupiga shabaha za karatasi, na Mungu akipenda niingie mashindanoni siku moja. Mikono yangu ni midogo. Muuzaji ananihimiza ninunue bastola ndogo ya milimita 9. Anasema ya .22 ni ya watoto, nitaichoka mapema, na afadhali nianze na 'bastola kamili'. Je, ananishauri vyema? Na iliyokwisha kutumika inafaa, au ninunue mpya?"

Dada, kwa lengo ulilolitaja, hapana, hajakushauri vyema. Nunua bastola ya .22 Long Rifle (risasi ndogo yenye upana wa inchi 0.22 hivi) inayojipakia yenyewe, yenye mtutu wa sentimita 13 hadi 15, vilengeo (vile vya mbele na nyuma vya kulengea) vinavyorekebishika na triga, yaani kifyatulio, nyepesi inayoachia bila kukwaruza. Iliyotumika inafaa sana ukijua pa kuangalia, na nitafika huko. Lakini naomba unisikilize sababu zangu kwa utulivu, kwa sababu muuzaji ataendelea kukusukuma, na mtu asiyeelewa sababu hushindwa kusimama na uamuzi wake mbele ya kaunta.

Kwanza sheria, ingawa naamini wakufunzi wako wamekwisha kukueleza. Zipo nchi zinazokataza raia kumiliki bastola kabisa, zipo zinazoruhusu baada ya miezi ya uanachama klabuni, na zipo ambazo kibali hutolewa kwa silaha moja yenye kaliba (upana wa risasi) na namba iliyotajwa. Pata jibu la mamlaka zako kwa maandishi kabla hujalipa chochote. Kama kibali chako kitakuwa cha silaha moja tu, haya ninayoyasema yanakuhusu zaidi, maana hutakuwa na nafasi ya kurekebisha uchaguzi mbaya kwa kununua nyingine.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Kulenga shabaha kwa bastola kuna kazi mbili tu: kuweka vilengeo katika mstari mmoja, na kufyatua bila kuuvuruga mstari huo. Namna ya kusimama, kupumua na kushika mpini vyote vipo ili kuzitumikia kazi hizo mbili. Kwa hiyo bastola ya mwanafunzi sharti imwambie ukweli kuhusu kazi hizo kila anapofyatua. Ikiwa tundu limekwenda chini kushoto, aweze kujua kwa nini. Bastola inayomficha mtu makosa yake haimfundishi, hata iwe imetengenezwa kwa ustadi namna gani.

Kinachoficha makosa kuliko kingine chote ni teke, yaani bastola kuruka nyuma inapofyatuliwa. Risasi ya .22 ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6, na kutoka kwenye bastola hutoka kwa kasi ya karibu mita 300 kwa sekunde. Risasi ya milimita 9 huwa ya gramu 7.5 hadi 8, na kasi yake ni karibu mita 350 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, ya milimita 9 hubeba nishati karibu mara nne. Tena bastola ndogo ya kubebeka huwa nyepesi kuliko bastola ya shabaha, na silaha ikiwa nyepesi mkono ndio unaobeba mzigo.

Mwili wa binadamu haukubali kupigwa kishindo mbele ya uso mara mia kwa saa moja bila kujitetea. Baada ya risasi chache tu huanza kujiandaa: kifundo cha mkono hukazana, macho hufumba, na mdomo wa mtutu husukumwa chini sehemu ndogo ya sekunde kabla risasi haijatoka. Hufanyi kwa kukusudia, na mara nyingi hutajua kama umefanya. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, matundu huanza kukusanyika chini kushoto. Ukiwa na milimita 9, teke halisi huja papo hapo na kuufunika ule msukumo wako, ukabaki unaamini kwamba vilengeo ndivyo vibovu. Nimeona wanafunzi wakizungusha skrubu za vilengeo wiki baada ya wiki ilhali bastola ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Ukiwa na .22 mwendo wa mkono wako unauona. Kilengeo cha mbele kinainama kabla ya mlio, na jicho linashuhudia. Hata hivyo, usiitegemee kaliba peke yake. Mwombe mwenzako akupakie magazini (kibebeo cha risasi kinachoingia mpinini) huku amechanganya risasi bandia kati ya zile halisi, wewe usijue zilipo. Triga itakapoachia kwenye ile bandia na mtutu ukachota chini, utakuwa umejiona. Fanya zoezi hilo mara kwa mara, hata baada ya miaka. Kustuka ni tabia inayorudi.

Kuhusu maneno kwamba .22 ni ya watoto, huyo bwana hajui mchezo anaouzungumzia. Mashindano ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 hupigwa kwa .22 Long Rifle. Wanawake walianza kushindana bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles: risasi 30 za kulenga taratibu, halafu 30 za kasi ambapo shabaha hujitokeza kwa sekunde 3, unapiga risasi moja, inajificha. Katika sehemu ya taratibu, duara la kumi lina upana wa milimita 50. Wanaume wana mashindano yao ya kasi, ambamo shabaha tano hupigwa ndani ya sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Watu wanaoitumia kaliba hiyo ni mabingwa wa dunia, na hakuna aliyeichoka. Risasi yenyewe ipo tangu mwaka 1887, na mpaka leo haijapatikana nyingine inayomfaa mwanafunzi kuliko hiyo.

Kuna na suala la mfuko. Risasi ya milimita 9 hugharimu mara kadhaa ya bei ya .22 karibu kila mahali. Watu huhesabu bei ya bastola wakasahau kwamba ndani ya mwaka mmoja au miwili risasi huimeza bei hiyo na kuipita. Ukiwa na bajeti ileile, .22 inakupa mazoezi mengi zaidi, na mazoezi yenye mpangilio ndiyo yanayomjenga mlengaji.

Nije kwenye triga, ambayo mimi huiweka juu ya kila kitu kingine. Bastola nyingi za kazi, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya polisi na jeshi, huhitaji nguvu ya kilo 2.5 hivi kufyatua, na hilo ni jambo la makusudi: aliye katika hofu asifyatue kwa bahati mbaya. Sasa fikiri. Bastola ya namna hiyo ikiwa tupu huweza kuwa na uzito wa gramu 650. Kidole chako kinasukuma kwa nguvu inayokaribia mara nne ya uzito wa silaha yenyewe, na unatakiwa usiisogeze hata kidogo. Inawezekana, lakini ni somo la mwaka wa tatu, si la mwezi wa kwanza. Katika bastola ya shabaha ya .22 yenye uzito wa kilo moja na triga ya kilo moja na kitu, uwiano huo unageuka ukawa upande wako. Kanuni za kimataifa za bastola ya mita 25 zinataka triga isipungue gramu 1,000, na kwa bastola ya upepo ya mita 10 isipungue gramu 500. Kwa bastola ya kwanza ya kawaida, triga yenye kati ya kilo 1 na kilo 1.8 ni nzuri mno.

Uzito si kila kitu. Shika triga, baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, tundu inamokaa risasi, ni tupu, na kwa ruhusa ya mwenye mali, kisha uvute polepole sana. Mwanzoni kuna mwendo mwepesi usio na kazi, hauna neno. Halafu unafika kwenye ukuta. Pale ukutani usisikie mikwaruzo wala vihatua vidogovidogo. Nguvu iongezeke tu hadi nyundo iachie ghafla. Baada ya kuachia, triga isiendelee kutumbukia nyuma mbali, kwa maana mwendo huo wa ziada huyumbisha mtutu wakati risasi bado imo ndani. Triga ya kilo mbili iliyo safi ni afadhali kuliko ya kilo moja yenye mikwaruzo. Sehemu hii huwezi kuijua kwa kutazama picha, wala kwa kusoma, wala kwa kuambiwa na mimi. Sharti kidole chako kifike.

Kuhusu vilengeo, naomba uvumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoua hoja ya bastola fupi. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye bastola ndogo ya kubebeka ni karibu sentimita 15, kwenye .22 ya shabaha hufika sentimita 20 na kuzidi. Tuseme kilengeo cha mbele kimehama milimita moja tu kutoka katikati ya pengo la nyuma. Kwenye umbali wa mita 25, bastola fupi itatupa risasi karibu sentimita 17 kando. Yenye sentimita 22 kati ya vilengeo itaitupa sentimita 11. Kosa la jicho ni lilelile, adhabu tofauti.

Hapohapo kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipata kwa kuchelewa, na ningependa wewe ulipate mapema. Mkono wote ukiyumba, lakini vilengeo vikabaki kwenye mstari, kuyumba kwa sentimita moja kunahamisha tundu kwa sentimita moja tu. Mstari wa vilengeo ukivunjika, milimita inazaa makumi ya milimita. Kwa hiyo kuyumba kwa mkono, ambako humtisha kila anayeanza, hakudhuru kiasi kinachodhaniwa. Kinachodhuru ni kuutazama mduara mweusi badala ya vilengeo. Jicho haliwezi kuona vizuri mbali na karibu kwa wakati mmoja. Likazie kilengeo cha mbele, karatasi ibaki na ukungu, na uikubali ile mitikisiko. Wanaojaribu kufyatua kwa haraka pale mtutu unapopita katikati ndio hao hao wanaolalamika kwamba bastola yao haipigi.

Kwa sababu hiyo chagua vilengeo vyeusi vitupu, visivyo na nukta nyeupe wala rangi zinazong'aa. Nukta huliita jicho na kulisahaulisha ukingo wa juu wa kilengeo, na ukingo huo ndio tunaoupimia. Pawepo na mwanga wa kutosha kulia na kushoto mwa kilengeo cha mbele kinapokaa ndani ya pengo. Cha nyuma kiwe na skrubu za kukipandisha, kukishusha na kukipeleka pembeni, nawe ukumbuke kwamba kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka matundu yaende. Usikiguse kabla hujapiga makundi kadhaa ya risasi tano tano ukaona kwamba yote yanakaa mahali pamoja. Kundi likitawanyika, tatizo si vilengeo.

Na kioo cha nukta nyekundu, kile kinachofungwa juu ya bastola badala ya vilengeo vya chuma? Ni kifaa kizuri, na kwa macho ya mtu aliyepita miaka arobaini na tano, ambayo hayaoni tena vizuri kitu kilicho kwenye ncha ya mkono, ni baraka. Ila kwenye mashindano ya bastola ya kanuni za kimataifa hakiruhusiwi. Kwa kuwa umetaja mashindano, anza na vilengeo vya chuma. Kama bastola ina nafasi ya kufungia kioo baadaye, si hasara.

Mikono midogo sasa. Hapa .22 inakusaidia tena, kwa sababu magazini yake ni nyembamba na mpini unaweza kuwa mwembamba. Kipimo chako ni hiki: shika mpini juu kabisa bila kuacha pengo chini ya mkia wa bastola, mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono, halafu uweke kidole kwenye triga. Triga iangukie katikati ya nyama ya pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Ikibidi uuzungushe mkono kando ili kidole kifike, bastola hiyo si yako. Kisha fumba macho, inua bastola mpaka usawa wa jicho ukiielekeza upande salama, ukafumbue. Vilengeo vikiwa karibu kwenye mstari bila kulazimisha, mpini umekukubali. Vikielekea kushoto au juu kila mara, utakuwa unapambana na mpini huo kwa miaka. Mipini mingi hubadilishwa, kwa hiyo silaha njema yenye mpini mbaya bado inaweza kuokolewa. Kumbuka pia kwamba ile mipini ya mbao yenye kidaraja cha kupumzishia kiganja hutengenezwa kwa mkono mmoja tu, wa kulia au wa kushoto. Ukiwa wa kushoto, taja mapema.

Usiogope uzito wa bastola. Wanaoanza hupenda nyepesi dukani, lakini uwanjani kilo moja iliyoelemea kidogo mbele hutulia kuliko gramu 600 zinazochezacheza. Ukiwa hujazoea, mabega yatauma majuma machache na kisha yatazoea. Kipimo changu ni kuishika mkono umenyooshwa kwa sekunde ishirini mara kadhaa, ukipumzika katikati. Ukianza kutetemeka mno tangu mara ya pili, tafuta yenye mtutu mwembamba zaidi.

Najua utataka majina, nami nitayataja bila kukufunga. Ruger ya .22 ni ukoo ulioanza mwaka 1949, na Mark IV iliyotoka mwaka 2016 ndiyo ninayowaelekeza wanafunzi wengi: ni imara, ina mtutu usiohama, na hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Zilizotangulia, hasa Mark III na za nyuma yake, hupiga vizuri vilevile ila kuziunganisha baada ya usafi huchosha. Browning Buck Mark, inayotengenezwa tangu mwaka 1985, huja na triga nzuri kutoka kiwandani na mpini unaowapenda wenye mikono midogo. Ningekuwa wewe, ningeanza kuijaribu hiyo. Smith & Wesson wana SW22 Victory ya bei ya wastani, na Model 41 ya tangu mwaka 1957, ambayo ni ya hadhi ya juu zaidi na gharama yake inaonyesha hivyo. Juu ya hizo kuna za mashindano halisi: Pardini za Italia, Walther na Feinwerkbau za Ujerumani. Usizikimbilie. Mtu anayekusanya makundi ya sentimita kumi na mbili hatapata sita kwa kununua Pardini, na anayekusanya sita ataijua tofauti yake mwenyewe siku atakapoazima.

Rivolva ya .22, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, nayo ni mwalimu mzuri, hasa ukiikoki nyundo kwa mkono kila risasi: inakulazimisha kupunguza kasi, na haichagui aina ya risasi. Hasara yake ni kwamba zilizo nzuri ni ghali, na katika sehemu za kasi za mashindano zinakuacha nyuma.

Ila kuna njia nyingine ambayo hukuiuliza nami siwezi kuinyamazia: bastola ya upepo ya milimita 4.5. Bastola ya upepo ya mita 10 imo kwenye Olimpiki tangu Seoul mwaka 1988. Risasi 60 ndani ya dakika 75, na duara la kumi lenye upana wa milimita 11.5. Haina teke la kutaja wala mlio wa kutisha. Kidonge chake huenda kwa karibu nusu ya kasi ya risasi ya .22, maana yake hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, na kosa lolote unalofanya baada ya triga kuachia huonekana kwenye karatasi. Kwa kufundisha subira ya kubaki na vilengeo baada ya kufyatua, sijui chombo kinachoizidi. Katika nchi nyingi, ingawa si zote, masharti yake ni mepesi, na kwa wenye uwanja wa mbali hufaa kwa mazoezi ya kila siku. Kama kibali cha .22 kitachukua miezi, usikae bure. Anza na hiyo. Ujuzi utakaoupata utahamia kwenye .22 ukiwa mzima.

Kabla ya kulipa, piga risasi. Si tano, hamsini angalau, ukiweza, kwa bastola ya aina ileile. Wanachama wa klabu hukubali kuazimisha chini ya macho yao kuliko unavyodhani, na wengi hufurahi kuulizwa. Piga ukiwa umechoka pia, kwa sababu mpini mbaya hujulikana mwishoni mwa kipindi. Chukua aina tatu au nne za risasi za mwendo wa kawaida, zenye gramu 2.6, na usishangae aina moja ikikusanya vizuri na nyingine ikatawanya katika mtutu uleule; .22 zina tabia hiyo. Zile zenye kasi kubwa kupita kiasi ziache, hazina faida kwenye karatasi.

Uzijue pia kasoro za .22 ili zisikushtue. Kiwashio chake kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na mara chache sehemu ya ukingo hukosa kulipuka. Nyundo ikigonga bila mlio, shikilia bastola ikielekea shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, maana zipo zinazolipuka kwa kuchelewa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha hapohapo, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu na mtutu hauna risasi iliyokwama. Kupiga nyingine nyuma yake kunaweza kupasua mtutu. Na kufyatua tupu nyumbani kwa mazoezi, ambako ni kuzuri sana, usikufanye mpaka usome kitabu cha bastola yako. Baadhi ya .22 hazidhuriki, katika nyingine pini inayogonga kiwashio hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Tenga fedha ya vikinga masikio na miwani kabla ya kutenga ya bastola. Hata .22 hutoa mlio unaozidi desibeli 140 karibu na mtutu, na masikio yakifa hayafufuki. Ukipiga ndani ya jengo vaa vizibo vya ndani na vya juu pamoja. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kumshika mtoto, kwa kuwa madini ya risasi hutoka kwenye moshi wa kiwashio na kwenye risasi zenyewe, na watoto ndio huumizwa nayo zaidi. Kanuni nne unazijua: kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi, mtutu usielekee usichokusudia kukiharibu, kidole nje ya triga hadi vilengeo viwe juu ya shabaha, na ujue kilicho nyuma ya shabaha. Zinabaki zilezile kwa .22. Risasi hiyo ndogo huua mtu.

Nyumbani, bastola ikae tupu ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, risasi mahali pengine penye kufuli lake, na ufunguo usiwe mahali ambapo watoto "hawapajui". Watoto hupajua. Na kama nyumbani yumo mtu anayepitia huzuni nzito au ulevi, iache bastola kwenye hifadhi ya klabu mpaka hali itulie. Nasema hili kwa uzito wote, dada yangu. Usimwonee mtu haya katika jambo hilo, na usijionee wewe mwenyewe pia.

Nimalizie na iliyotumika. Bastola ya .22 iliyotunzwa ni manunuzi mazuri mno, kwa sababu mtutu wake hudumu makumi ya maelfu ya risasi. Kinachoua hizi silaha ni kutu, vyombo vya kusafishia vilivyoingizwa vibaya na kufyatua tupu. Chukua tochi ndogo. Angalia ukingo wa chemba: ukiona shimo dogo pale pini inapogonga, maganda yatakwama. Angalia mdomo wa mtutu: mkwaruzo au pigo pale mwishoni hutawanya risasi kuliko uchakavu wa ndani. Tazama midomo ya magazini kama imepinda au kupasuka, kwa maana kukwama kwingi kwa .22 huanzia hapo, na uulize kama magazini mpya za modeli hiyo bado zinapatikana. Za baadhi ya modeli zilizokwisha kuachwa hutafutwa kwa taabu. Skrubu zilizochubuka zinakuambia kwamba mtu asiye fundi aliingia ndani, pengine kupunguza uzito wa triga. Ukizikuta, fanya jaribio hili: chemba ikiwa tupu na bastola ikielekea upande salama, vuta slaidi au bolti (sehemu ya juu inayorudi nyuma kupakia risasi) nyuma na kuiachia kwa nguvu mara kadhaa, kidole kikiwa mbali na triga. Nyundo ikianguka yenyewe hata mara moja, irudishe kwa muuzaji, na usikubali kupunguziwa bei.

Kuhusu ile ya milimita 9, hakuna haja ya kugombana na muuzaji. Mwambie utairudia baada ya mwaka, ukiwa tayari unaweka risasi kumi ndani ya sentimita kumi kwenye mita 25, na ukifika wakati huo uulize ya mtutu mrefu yenye fremu ya chuma. Ndogo ya kubebeka usiichukue hata hapo.